Siku Tuliyomwita Mtoto Ikabodi

Nyinyi vijana mnaozunguka Kibera na Kawangware na mikoba ya vipimo mgongoni, mkiuliza nani ana mimba na nani ana kikohozi, haya nimeyaandika kwa ajili yenu. Nilikuwa mkunga tangu meno yangu yote yakiwa kinywani. Sasa nimestaafu, nakaa Kawangware 46, nauza dagaa wa omena mlangoni, na magoti yananinyima mengi. Lakini kuna siku moja ya kazi hii ambayo nikiikumbuka, hata leo, moyo unaniruka kana kwamba mtu amegonga bati nyuma yangu. Siku hiyo ilianza na jina la mtoto.

Kwenye semina zenu sidhani kama mnafundishwa majina. Mnafundishwa chanjo, lishe na uzazi wa mpango, na ni vizuri. Lakini mkunga husikia majina kabla ya pasta na kabla ya serikali, na mimi niliyosikia ni mengi. Kuna baba mmoja hapa Kawangware, muuza makaa, aliyetaka mwanawe aitwe Nabali. Nikamuuliza amelitoa wapi, na yeye, kama vijana wote hapa, huniita shosh, yaani nyanya.

"Kwa Biblia, shosh. Huyo msee alikuwa na kondoo elfu tatu na mbuzi elfu moja. Si hiyo ni baraka?"

Alikuwa amesoma mpaka kwenye mifugo, akafunga kitabu. Hakufika pale mke wa tajiri huyo anapomwambia Daudi kwamba mume wangu ni mpumbavu, na jina lake ndivyo linavyosema. Nikamsomea sehemu iliyobaki. Akakuna kichwa, akauliza, "Sasa hizo kondoo zilibaki na nani?" Mtoto akaitwa Danieli, na yule baba nadhani bado anazifikiria zile kondoo.

Mama mwingine alijifungua pacha, mvulana na msichana, akawaita Anania na Safira kwa sababu alisikia wakitajwa pamoja kanisani na akaupenda mlio wa majina hayo. Nilishika kichwa, maana hao ni mume na mke walioanguka wakafa kwa sababu ya uongo. Nikamuuliza kama siku hiyo alikaa mpaka mwisho wa mahubiri, akasema alitoka nje kwenda kununua mandazi. Ninawaambia haya mjue kwamba watu wetu wanalipenda jina la Biblia kama wanavyopenda nguo nzuri dirishani, bila kuuliza ilishonewa nani.

Kazi nilifundishwa na Dani Peres, mama Mluo aliyetoka upande wa ziwa zamani na kuishi Kambi Muru, kule Kibera, mpaka akazeeka hapo. Hakuwa na mchezo. Ukiingia kwake na kucha ndefu, alizikata yeye mwenyewe bila kukuuliza. Alinifundisha kuchemsha uzi, kutumia wembe mpya, na kukandamiza tumbo la mama baada ya kuzaa mpaka nisikie kitu kigumu kama ngumi chini ya kiganja. "Ikiwa laini," alikuwa akisema, "usikunywe chai, usiongee na mtu, kimbia." Alinifundisha pia kushika joto kwa upande wa nyuma wa mkono, kwa sababu kiganja cha mtu anayefua na kupika kimezoea moto na kinadanganya. Nyinyi mna mashine ya kuelekeza kwenye paji la uso. Ikiishiwa betri, mkono mnao.

Baadaye njia zikabadilika. Tukaitwa kwenye mkutano tukaambiwa tusizalishe tena nyumbani, tuwapeleke akina mama hospitalini. Nilinuna, siwafichi. Niliona nimepokonywa kazi. Lakini nikaja kuona mama aliyevuja damu akiongezewa nyingine, akakaa kitandani na kuomba uji, na hapo nikanyamaza. Kazi yangu ikawa kusindikiza, kubeba beseni, kumshika mama mkono na kugombana na mabawabu. Mtoto akija, namrudisha mama nyumbani, halafu napita kuwaangalia.

Ndivyo nilivyomsindikiza mke wa Ochieng. Ochieng ni fundi wa kuchomelea, kijana wa watu wa ziwani, mpole, mwenye madoa ya moto kwenye kila shati lake. Mkewe alikuwa mtu wetu wa magharibi, binti mrefu, asiye na maneno mengi. Alijifungua salama hospitalini, mtoto wa kiume, wa kwanza kwao. Nikawafikisha hadi chumbani kwao Kambi Muru. Jioni ile ile nikapigiwa simu kwamba dada yangu amefariki nyumbani, nikapanda basi kwenda kumzika. Niliporudi Nairobi nilikuta ujumbe wa Ochieng: mama yake amekuja kutoka kijijini, mtoto anapewa jina, nisikose.

Nikafika mchana. Chumba kilijaa wanawake, kila mmoja na kikombe. Mama Ochieng alikuwa amekaa katikati na mtoto mapajani, na mtoto alikuwa akilia kama aliyeibiwa. Mzazi alikuwa amelala kitandani nyuma ya pazia. Ochieng mwenyewe hakuwepo, alikuwa ameitwa Nyayo Highrise kutengeneza mlango wa chuma wa mtu, na kazi ya siku hairukwi.

Kwa wale ambao kwenu si kule: mtoto akilia bila kukoma, wazee wa Kiluo husema kuna mtu wa ukoo, aliyekwisha kufa, anayetaka jina lake. Basi wanayataja majina ya wafu mmoja mmoja, na jina ambalo mtoto atanyamaza likitajwa, hilo ndilo lake. Hata sisi Waluhya tuna yetu yanayofanana na hayo. Mama Ochieng alikuwa kwenye shughuli hiyo nilipoingia.

"Ogutu? Ogutu, ni wewe?" Mtoto akalia. "Owuor? Baba, kama ni wewe unyamaze basi, tumechoka." Mtoto akazidi.

Alitaja babu, akataja ndugu za babu, akafika kwa mjomba aliyekufa maji, kila mtu akamwambia huyo hapana. Mwishowe akampitisha mtoto nyuma ya pazia kwa mama yake ili naye apumzishe mikono. Kilio kikaendelea kidogo. Halafu tukasikia sauti ya yule binti, nyembamba, ikisema, "Ikabodi."

Mtoto akanyamaza.

"Umesema nani?" Mama Ochieng akauliza.

"Ikabodi."

"Hiyo ni jina ya wapi?"

"Ya Biblia."

"Basi! Nyathi amekubali! Hii mtoto ni ya kanisa!" Vigelegele vikapasuka, mandazi yakazunguka tena. Mimi nilichungulia upande wa pazia nikaona mtoto ana titi mdomoni. Mtoto mwenye titi mdomoni hata ukimwita sufuria atanyamaza. Nikacheka kimoyomoyo, nikasema binti huyu ni mjanja, amempita mama mkwe kwa mlango wa nyuma. Nikapewa chai, nikakaa.

Ndipo akaingia pasta wao. Katikati ya wiki ni fundi viatu, Jumapili ni pasta, mtu wa miwani minene na sauti ya chini. Alikuja kuliombea jina. Mama Ochieng akalitangaza kwa mbwembwe. "Pasta, mtoto amejichagulia mwenyewe. Anaitwa Ikabodi."

Pasta akavua miwani. Akaifuta, akaivaa tena. "Nani amesema aitwe hivyo?"

"Mama yake. Na mtoto akanyamaza palepale, watu wote ni mashahidi."

"Mnajua ilikuwa nini, hiyo jina?"

Akafungua Biblia yake, akatueleza polepole. Kwamba palikuwa na kuhani mzee, Eli. Vita vikawashinda watu wake, sanduku la agano likatekwa, wanawe wawili wakauawa siku moja, na yeye aliposikia habari akaanguka kitini, shingo ikavunjika. Mke wa mwanawe mmoja alikuwa na mimba pevu. Habari zikamfikia, uchungu ukamshika ghafla, akazaa. Na alipokuwa anakata roho akamwita mtoto Ikabodi, yaani utukufu umeondoka.

Mtu mmoja aliangusha kikombe. Mama Ochieng alisimama, akakaa, akasimama tena. "Anakata roho? Mwanamke alikuwa anakufa?" Pasta akaitikia kwa kichwa.

Hapo chumba kikawa soko. Huyu anasema mtoto amelaaniwa, yule anasema jina halijaombewa kwa hiyo halijashika. Mwingine anasema apewe Benyamini upesi, kwa sababu Yakobo alibadilisha jina la mtoto aliyepewa jina la huzuni na mama yake akiwa anakufa, na kama Yakobo aliweza sisi tushindwe na nini. Mama Ochieng akajipenyeza katikati yao. "Nyar Kakamega!" akalilia pazia. "Tulikukosea nini? Mjukuu wangu wa kwanza, unamwita kifo?"

Nyar Kakamega, binti wa Kakamega, ndivyo alivyomwita mkwewe. Ni heshima kwao, mke huitwa kwa jina la kwao alikotoka. Nyuma ya pazia hakukutoka jibu.

Pasta hakuwa amefunga kitabu. Alikuwa bado ameinama juu yake, akasema, kama mtu anayejisemea, "Na kulikuwa na wanawake hapo. Wakunga. Walimwambia usiogope, umezaa mtoto mwanamume. Lakini hakuwajibu. Hata hakuwatazama."

Vijana, sijui niwaeleze vipi. Nimesimama kwenye vitanda vya wanawake miaka nenda rudi, na maneno hayo hayo nimeyasema mimi: usiogope, mama, umepata kijana. Tunayasema sote. Na wale wa kwenye kitabu waliyasema mwanamke akifa mbele yao, wakiwa wamemshika mtoto. Nikaangalia chumba. Watu wote, pamoja na Mama Ochieng, pamoja na mimi, tulikuwa tunagombania jina la mtoto, na hakuna hata mmoja aliyekuwa upande ule wa pazia.

Nikalivuta pazia mpaka kamba ikakatika.

Yule binti alikuwa amejifunika blanketi na leso juu yake, joto la mchana, ndani ya mabati, na alikuwa anatetemeka. Midomo imekauka. Macho yalikuwa wazi lakini hayakuwa yananitazama. Nikaweka mgongo wa mkono wangu shingoni mwake, nikauondoa upesi. Nikashika tumbo. Lilikuwa laini, na nilipoligusa alitoa sauti ambayo sikuipenda. Nilipofunua blanketi, harufu ikaniambia mengine yote. Mwenye pua ya kazi hii anaijua harufu hiyo, na naomba msiizoee.

"Amekuwa hivi tangu lini?" niliuliza kwa kelele, na nilikuwa nakaribia kulia.

"Alisema anasikia baridi," jirani mmoja akajibu. "Tukamwambia ni maziwa inaingia."

"Akasema tumbo inamuuma," Mama Ochieng akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo sasa. "Nikamwambia hata mimi iliniuma. Nikamwambia ashukuru Mungu, amepata kijana."

Nilisahau magoti. Nikawafukuza wote watafute mkokoteni. Pale Kambi Muru gari haliingii, mnapajua, na pikipiki haibebi mtu asiyeweza kukaa. Muuza maji wa jirani akaimwaga chini mitungi ya mkokoteni wake bila kuuliza nani atalipa, tukatandika godoro, tukamlaza. Pasta alisukuma kwa nyuma, koti lake la ibada likiburuta kwenye mtaro. Mimi nilishika mkono wa mgonjwa, Mama Ochieng alikimbia mbele na mtoto kifuani akipiga kelele watu wapishe. Barabarani dereva wa teksi akatuangalia, akaangalia godoro, akasema viti vyake vitachafuka. Pasta akamfungulia mlango yeye mwenyewe, akamwambia kwa sauti ile ile ya chini, "Utaosha." Tukaingia.

Hospitalini wauguzi walimpokea mbio. Mmoja alikuwa anamwekea sindano ya maji mkononi, mwingine, kijana wa rika lenu, akanigeukia.

"Anaitwa nani?"

Nikafungua mdomo. Jina sikulijua.

Nilimjua huyu binti. Nilimsindikiza kliniki, kadi akiishika mwenyewe, nilimshika wakati wa uchungu, nilimpangusa jasho. Nilimwita mama. Wote nawaita mama. Nikamgeukia Mama Ochieng. Naye alikuwa ananitazama mimi.

"Nyar Kakamega," akasema.

"Hiyo si jina, mama," yule kijana akamwambia, bila dharau. "Jina yake."

"Mke wa Ochieng."

Jirani aliyekuja nasi alisema, "Sisi tunamuita Mama Boy." Pasta akafumba macho. Alimbatiza mwaka uliopita na jina lilikuwa limemtoka kichwani. Nikiwaambia nilishtuka nitakuwa nimepunguza. Tulikuwa watu wazima wanne tumesimama pale, tumeshinda mchana kutwa tukipigania jina la kitoto kisichojua hata mkono wake, na hakuna aliyejua la mwanamke tuliyemleta akifa.

Nikamwinamia sikioni. "Mama... binti yangu. Jina lako nani?"

Sikudhani angejibu. Lakini macho yake yalirudi kutoka huko yalikokuwa, yakaniangalia, yakakaa kwangu. Midomo ikafanya kazi kwanza bila sauti.

"Everlyne," akasema. "Everlyne Ayuma."

"Everlyne, umesikia? Usilale," muuguzi akamwambia, na wakamsukuma ndani.

Ochieng alifika akikimbia, miwani yake ya kuchomelea ingali kwenye paji la uso. Alisimama kwenye korido akauliza swali moja tu, kama yuko hai. Nikamwambia yuko ndani na wanamshughulikia. Akachuchumaa ukutani, akajifunika uso kwa mikono yake yenye masizi. Daktari alipotoka alisema kipande cha kondo la nyuma kilibaki ndani na kikaoza. Wamekitoa, sasa ni dawa na kungoja. Kisha akasema kitu ambacho sikukiomba: kwamba kama tungemaliza sherehe yetu kwanza, angekuwa anazungumza nasi kwa sauti nyingine.

Alipona, lakini polepole. Nikawa napita wodini na uji, na siku moja alipopata nguvu nikamuuliza kuhusu jina Ikabodi. Nilitaka kujua kama lilimtoka tu kwa homa.

"Hapana, shosh. Nililifikiria," akaniambia. "Baba yangu alikuwa mwalimu wa Sunday school. Hiyo stori nilikariri nikiwa mdogo. Kila mtu nikimwambia naumwa ananiambia nishukuru, ni kijana. Hata Ochieng alisikia kwa mama yake kwamba ni kawaida, akaenda kazi. Nikaona sasa hawa hawanisikii, lakini watasikia jina ya mtoto. Na pasta akija, yeye anasoma. Lazima atajua."

Jioni nilipofika kwangu nilichukua Biblia, mimi ambaye nje ya hadithi chache nilikuwa nikisoma Zaburi tu, nikaanza kuwatafuta akina mama waliowapa watoto majina. Nikaona mambo. Lea, mke asiyependwa, kila mtoto akizaliwa anamwita jina linalosema Bwana ameniona, Bwana amenisikia, sasa mume wangu ataambatana nami. Mama wa Yabesi akampa mwanawe jina la uchungu aliomzaa nao. Raheli, naye, mwana wa huzuni yangu. Mimi nilikuwa nikiyasoma haya kama majina ya watu. Kumbe wanawake wale hawakuwa na pa kusemea, wakasemea hapo. Nikamtafuta na yule wa Ikabodi nijue alikuwa nani. Nimepekua sura nzima. Ni mkwe wa Eli, ni mke wa Finehasi. La kwake mwenyewe halikuandikwa.

Basi mkiingia nyumba yenye mtoto mchanga, vijana wangu, watu watawapa mtoto mumshike. Mpokeeni, ni mzuri. Mkishamaliza, mrudisheni, mkae karibu na mama yake. Mwiteni jina lake. Muulizeni na la mtoto, na mama yake analipendea nini, halafu ngojeni jibu, hata likichelewa.

Everlyne aliporudi nyumbani, Mama Ochieng alikuwa amejiandaa. Alikuwa ameongea na wazee kwa simu, na pasta alikuwa tayari kuomba upya. Nilikuwepo. Pazia lilikuwa bado chini, hakuna aliyelifunga tena. Mama Ochieng akataja Benyamini. Akataja Samweli. Akasema hata Ogutu aachwe, yeye hataki ugomvi na mtu, bora lile lingine liondoke ndani ya nyumba hii leo.

Everlyne alikuwa amekaa kitandani, mtoto begani, anamgonga mgongo acheue.

"Ikabodi inabaki, mama."

"Lakini umesikia maana yake!"

"Nilijua maana yake kabla yenu wote. Hiyo ndiyo jina ilifanya mniangalie. Mnataka niifukuze?"

Ochieng alitazama sakafu, pasta akatazama viatu vyake. Mimi nilikuwa namtazama Mama Ochieng, kwa sababu nilidhani atapasuka. Badala yake akaenda jikoni kwenye kona, akafunua sufuria, akachungulia ndani, akageuka.

"Everlyne," akasema, "umekula?"